Tagi ya Deo

Vijana wa dawati la miongozo, mmenisumbua mpaka nimekubali. Siku ya kuniaga mlinipa kalamu iliyochorwa jina langu, mkasema niandike habari za kazi nilizopitia. Wino wa kalamu yenyewe ulikata kabla sijamaliza ukurasa, kwa hiyo haya nayaandika kwa biki ya dukani. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na mnavijua. Mishahara nayo tuiache ipumzike. Nitasema tulivyoanza, na nitasema habari za Deo, maana nimesikia mnavyosimuliana pale kwenye birika la chai na mnakosea karibu kila kitu.

Mimi nilianza kama mpiga chapa wa serikali hapa hapa Sumbawanga. Zikaja enzi za ruksa, maduka yakajaa sabuni na mitumba, tukafurahi. Ruksa ikazaa ubinafsishaji, na ubinafsishaji ukaanza na sisi wapiga chapa. Nilikaa nyumbani msimu mzima napalilia ulezi wa shemeji yangu huku namlaani kila aliyeshiriki kutengeneza kompyuta. Halafu kampuni moja ya watu binafsi ikapewa kazi ya kusambaza dawa kwenye zahanati na vituo vya afya vya mkoa, ikawa inatafuta mtu wa kuandika miongozo ya mfumo wake kwa Kiswahili. Niliowalaani ndio wakanipa ugali.

Siku ya kwanza ilikuwa katikati ya kipupwe, ule upepo wetu unaopita katikati ya sweta na kukusalimia mifupa. Ofisi ilikuwa ghala la mahindi zamani, na kuta bado zilinuka dawa ya dumuzi. Mkuu wangu alikuwa Mzee Kasian, aliyewahi kuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni kabla vidole havijaanza kumuuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisukumia karatasi.

"Unajua kupiga chapa, nimeambiwa. Hapa hatupigi chapa. Hapa tunasema kila kitu ni kitu gani. Soma hiyo, niambie kipi ni amri, kipi ni faili, kipi ni mtu, kipi ni huduma."

Hiyo ndiyo kazi ya tagi, kwa msomaji asiye wa ofisi yetu. Tagi ni neno dogo ndani ya mabano yenye ncha, linalowekwa kabla na baada ya jina la kitu ili kuiambia mashine hicho ni nini. Msomaji wa mwongozo haioni tagi. Anaona matokeo yake: amri inatoka kwa herufi za taipureta, huduma kwa herufi za kulala, na jina la mtumiaji kwa herufi nene. Tena majina yote ya watumiaji mashine inayakusanya yenyewe na kuyapeleka ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa Watu wa Kuuliza. Kwa sababu ya mabano hayo wenzangu waliniita Mama Mabano, na wengine wenu mnaniita hivyo mkidhani sijui.

Huduma ndizo zilizonitoa jasho. Huduma ni programu inayokaa ndani ya seva bila kuonekana. Hakuna anayeiamsha asubuhi wala anayeiaga jioni. Umeme ukikatika inalala, ukirudi inaamka na kuendelea pale ilipoachia. Majuma yale ya mwanzo nilikuwa nikibaki peke yangu na seva, printa inaanza kuandika bila mtu yeyote kuigusa, nami nasimama natoka nje kuota jua. Sikuwa mwoga. Ila sifa za uchawi za mji wetu mnazijua: mgeni akisikia tu unatoka Sumbawanga anasogeza kiti nyuma. Na mimi niliyezaliwa hapa, nakiri, nilikuwa nasogeza changu.

Nilipomwambia Mzee Kasian kwamba nashindwa kutofautisha, alinipa maswali ambayo nimeyatumia mpaka nastaafu. Kinangoja mtu akitume? Hiyo ni amri. Kinafanya kazi hata kama hakuna anayekitazama? Hiyo ni huduma. Unaweza kukiuliza kikakujibu? Huyo ni mtu. "Na usichague tagi kwa sababu unapenda herufi zake zinavyotoka," alisema. "Hilo ni kosa la watu wa matangazo."

Maswali yalitosha kabisa mpaka tulipofika kwa Deo.

Deo alikuwa kijana wa Malangali, hapa hapa mjini, mcheshi, mrefu, anayevaa kofia ya sufu hata mchana. Yeye ndiye aliyeandika programu ya oda. Vituo vya mbali kama Namanyere na Muze havikuwa na simu ya kutegemewa, basi kila kimoja kilipewa kompyuta, printa, betri la sola na simu ya upepo iliyofungwa modemu. Asubuhi mhudumu wa kituo anaandika dawa anazohitaji, modemu inalia kama mtoto mwenye njaa, ujumbe unapanda hewani mpaka kwetu, programu inaupokea, inaupeleka stoo na kurudisha jibu.

Majibu hayo Deo aliyaandika kwa utani wake. Programu haikusema "oda imesajiliwa". Ilisema: Nimepokea, subiri kidogo. Kila alfajiri iliviambia vituo vyote: Nipo. Mawimbi yakiwa mabaya ilisema: Hewa mbaya huku niliko, nitarudi. Tena hakuifungulia akaunti yake yenyewe kama inavyotakiwa. Aliiendesha ndani ya akaunti yake mwenyewe, kwa hiyo kila jibu lilifika likiwa limeandikwa juu yake: kutoka kwa deo.

Nikakwama. Mwongozo ulipaswa kueleza huyo deo anayejibu ni nani. Nikamwita mwenyewe.

"Dada Anastazia, hilo nalo la kuuliza?" alisema. "Weka mtumiaji. Kwani mimi siyo mtu?"

"Wewe ni mtu. Inayojibu ni programu yako."

"Ikikwama wanamwita nani? Si mimi? Basi ni mimi."

Mzee Kasian alipelekewa kesi. Akaiangalia seva, akaiangalia akaunti, akamwangalia Deo na kikombe chake cha chai. Akasema akaunti ni ya mtu, mtu huyo yupo, ana kiti na meza, na ukimuuliza anajibu mpaka unachoka. Basi ni mtumiaji. Tagi ikawekwa, mwongozo ukachapwa, na Deo akatokea kwa herufi nene kwenye ukurasa wa Watu wa Kuuliza. Alichukua nakala moja kumpelekea mama yake, ambaye hakuwahi kuona jina la mwanawe kwenye kitabu.

Masika yaliyofuata, Deo alikuwa anarudi kutoka Muze, kule bondeni, kukagua betri. Ukungu ulikuwa umefunika mteremko wote, gari likaacha njia. Dereva alivunjika mguu. Deo alifia pale pale, chini ya barabara.

Tulimzika, tukalia, tukarudi ofisini. Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi tulikuwa tumesimama tu, hakuna aliyetaka kukaa, kiti chake kikiwa kitupu na kofia yake ikining'inia kwenye msumari. Modemu ikalia. Printa ikatembea. Mzee Kasian akaichana karatasi, akaisoma, akaikunja. Baadaye niliichukua mezani kwake. Ilikuwa imeandikwa: Nipo. Kutoka kwa deo.

Mtauliza kwa nini hatukuizima siku ile. Surua ilikuwa imeshika bondeni, oda za dawa zilikuwa zinapita humo humo, na hakuna kati yetu aliyeijua programu ile ndani. Mabosi waliahidi kuleta fundi kutoka Mbeya barabara ikipitika. Mpaka hapo tuliambiwa tuiache. Kwa hiyo kila asubuhi tulisikia Deo anasema yupo, tukanywa chai.

Sasa kwa wale mnaotoka mbali, kwetu msiba una mwisho wake. Siku ya kuanua tanga ndugu wanakutana, wanachagua mtu wa kulirithi jina la marehemu, na tangu siku hiyo huyo ndiye anaitwa hivyo. Kabla ya hapo mjane haachii mkeka. Mke wa Deo, Oliva, alikuwa fundi cherehani sokoni. Cherehani lake lilikuwa limefunikwa gunia, wateja wanahama, na yeye yupo chumbani kwa mama mkwe na kaniki yake, akingoja siku. Ndugu walikuwa wameshakubaliana kwamba jina litakwenda kwa mdogo wake Deo. Ilibaki Jumamosi itajwe.

Nilikuwa nimekwenda Malangali kumshika mkono Oliva, alasiri moja ya manyunyu, mwanamke mmoja akabisha hodi na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Alikuwa Mama Minza, mhudumu wa kituo cha Muze, mmoja wa hawa ndugu zetu waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Sisi tulimjua kwa maandishi tu. Barabara ilikuwa imefungwa muda mrefu, simu ya upepo imeshikwa na modemu, na yeye hakujua kitu; alikuwa amepanda mlima kwa miguu. Alimwamkia mama yake Deo, akakitua kikapu, akakaa vizuri.

"Mama, nimemletea Deo samaki," alisema. "Mtoto wa dada yangu alikuwa anakwisha kwa kuharisha. Nikamwandikia Deo alfajiri, akaniambia nimepokea, subiri kidogo. Dripu zikashuka na trekta la wakulima. Mtoto mzima sasa. Nimeona nije mwenyewe nimshukuru."

Mama Minza akatutazama, akaona kaniki ya Oliva, akaona mkeka.

"Kuna msiba?" aliuliza. "Nani?"

Oliva akasema, "Deo."

"Deo yupi?"

"Huyo huyo."

"Hapana," alisema Mama Minza, kwa upole kabisa, kama mtu anayesahihisha mtoto. "Deo tumeongea juzi. Kaniambia hewa mbaya huko aliko, lakini atarudi."

Mwili ulinisisimka wote. Mimi ndiye niliyekuwa najua ile sentensi ilikotoka, na bado ilinisisimua. Mama yake Deo, ambaye tangu mazishi alikuwa haongei, aliinuka akamshika yule mwanamke mabega yote mawili.

"Alisema atarudi?"

Niliingilia. Nilieleza kwamba ni programu, ni maneno aliyoyaandika marehemu mwaka uliopita, mashine inayarudia tu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na mwongozo wetu umefungwa kwenye kitenge, akaufungua ukurasa wa mwisho.

"Mwanangu Anastazia, hiki umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa umeandika Watu wa Kuuliza. Na mwanangu yumo. Huyu mama amemuuliza, amejibiwa, mtoto amepona. Sasa leo unaniambia si mtu?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile natafuta pa kutazama.

Siku hiyo hiyo mama alikataa kuanua tanga. Wazee wa ukoo walikuja, paroko alikuja, akawajibu wote sawasawa: jina la mtu anayeitika halirithishwi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mnataka niite Deo wageuke wawili?" Oliva akarudi kwenye mkeka. Alinisindikiza mpaka kwenye ua, akaninong'oneza: "Dada, mzimeni. Nakuomba. Mama anaamka alfajiri anakaa mlangoni, anasema sasa hivi Deo anaamka kule kazini. Mimi nami nimeanza kuamka."

Hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha. Nilirudi ofisini nikamwambia Mzee Kasian kwamba tagi ile lazima ibadilike. Alivua miwani.

"Ukibadilisha tagi, kinachoitika kitaacha kuitika?"

"Hapana, mzee."

"Basi hujafanya kitu. Na mimi nikikuuliza leo deo ni nini, utaniambia nini? Hakuna anayemtazama, anafanya kazi. Ukimuuliza, anajibu. Maswali yangu mawili, la huduma na la mtu, anayapita yote." Alirudisha miwani. "Nimefanya kazi hii tangu herufi zilikuwa za risasi. Hii sijaiona."

Fundi wa Mbeya alifika barabara ilipokauka. Kijana mchangamfu, viatu vya kung'aa, mambo vipi kwa kila mtu mpaka kwa Mzee Kasian. Nilipomweleza alicheka. "Sista, hiyo ni huduma tu. Naihamishia akaunti mpya, tunaiita posta, majibu yanakuwa ya kikazi. Ya huyu mshikaji wenu naizima. Poa?"

Nilimwambia si poa mpaka mama yake awepo. Kijana alidhani natania. Nilimwambia kwa sauti ambayo wengi wenu mnaifahamu, akaacha kucheka.

Mama alikuja asubuhi, Oliva akimshika mkono. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani na taa zilikuwa zinawaka. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakulia wala hakugomba. Aliomba aonyeshwe Deo anapokaa, nikamwonyesha kiti. Akasema, "Siyo hapo." Nikamwonyesha seva, sanduku la bati lenye taa ya kijani, na akaliwekea mkono juu kama unavyompima mtoto homa. Lilikuwa la moto, kama seva zote. Aliuacha mkono pale muda mrefu.

"Akizimwa, yule mama wa Muze atapata dawa?" aliuliza.

"Atapata. Kuna mwingine anachukua kazi."

"Huyo mwingine ana jina la mtu?"

"Hapana, mama. Hana."

Akamgeukia Oliva, akamtazama usoni kama hajamwona siku nyingi. Nadhani alikuwa hajamwona kweli. Akasema, "Umekonda, mkwe wangu." Kisha akamwambia fundi aendelee.

Hapa inabidi mnielewe. Programu ile haikuwahi kuzimwa kwa utaratibu hata siku moja. Umeme wetu ulikuwa unaikata shingo, nao ukirudi inaamka. Fundi ndiye mtu wa kwanza kuiandikia amri ya kusimama. Alibonyeza. Taa ya kijani ikapepesa. Tukangoja, na kwa muda hakikutokea chochote, nikaanza kushusha pumzi.

Printa ikaanza. Haikukimbia kama siku zote, ilikuwa inaandika na kusimama. Mzee Kasian akaichana karatasi, na safari hii hakuikunja. Alinipa mimi. Niliisoma kwa sauti kwa sababu mama alikuwa ananitazama.

Nimemaliza kazi. Naombeni ruhusa niende. Kutoka kwa deo.

Fundi akasema taratibu, "Hiyo mimi sijaiandika." Na kwa kuwa modemu ilikuwa imeachia mawimbi, simu ya upepo ikakohoa ukutani, ikatoka sauti ya Mama Minza, mbali, imejaa mchanga.

"Sumbawanga, Sumbawanga, hapa Muze. Huku printa imeandika Deo anaomba ruhusa aende. Nimjibu nini?"

Tulitazamana. Mzee Kasian alikuwa ameshika kofia ya Deo kifuani. Mama akanyoosha mkono, nikampa kipaza sauti, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza.

"Muze," alisema, "mimi ni mama yake. Mwambie amefanya vizuri. Mwambie nimemruhusu." Akaachia kitufe, halafu akakibonyeza tena, na sasa hakuwa anaongea na Muze. "Nenda, baba. Nenda usigeuke."

Taa ya kijani ikazimika. Oliva alipiga magoti akaangua kilio, kile alichokuwa amekizuia tangu mazishi, na mama mkwe wake akaketi naye sakafuni, akamshika kichwa. Fundi wa watu akatoka nje na viatu vyake vya kung'aa, akasimama kwenye ukungu.

Jumamosi tanga lilianuliwa. Jina lilikwenda kwa mdogo wake, na mama ndiye aliyemwita kwa mara ya kwanza. Aliitika mmoja tu. Oliva akarudi sokoni akalifunua cherehani. Sweta nililovaa siku mliyoniaga mwaka huu alilishonea yeye mifuko.

Kilichobaki ni kazi yangu. Toleo jipya la mwongozo lilihitaji kiambatisho cha majibu yote ya programu ya zamani, kwa sababu vituo vilikuwa na karatasi zake ukutani na watu wangeuliza. Majibu hayo nilikuwa nimeyaorodhesha na Deo mwenyewe, bega kwa bega, kila sentensi na mahali ilipo ndani ya programu. Lile la kuomba ruhusa halikuwemo. Nililitafuta kwenye seva, kwenye diski za akiba, kwenye karatasi zake zote. Fundi naye alilitafuta kwa siku zake za mapumziko, bila kuombwa, kisha akaniandikia kutoka Mbeya kwamba huenda Deo aliliweka mahali ambapo sisi hatukupajua. Huenda. Alikuwa mtundu.

Nililiweka kwenye kiambatisho, mwisho kabisa. Nikakaa mbele yake na tagi zangu zote. Huduma, hapana, huduma haiombi ruhusa. Mtumiaji, hapana, tulikuwa tumemzika. Jibu la mashine, hapana, hakuna mashine iliyofundishwa kulisema. Mzee Kasian alipita nyuma yangu, akasoma juu ya bega langu, akaenda zake. Nikaliacha hivyo hivyo, na katika miongozo yote niliyoandika hakuna sentensi nyingine iliyosimama bila tagi. Kila toleo mmoja wenu anaikuta, anadhani bibi alisahau, anataka kuisahihisha. Sikusahau. Msiiguse.